Kampuni inashikilia dhamana ya gari tulilokodi na inadai pesa zaidi: je, tulipe?

Mama Mshauri, jambo sana.

Mimi ni kijana wa Katuba, hapa Lubumbashi, na ninakuandikia kwa niaba ya familia yetu kwa sababu jambo hili limeanza kuleta maneno nyumbani. Kaka yangu mkubwa alikuwa anapeleka mali kwa wazazi wa mchumba wake huko Likasi, na wazee wakanituma nitafute gari la heshima la kuwabeba wajomba na mashangazi. Nilikwenda kwenye kampuni moja ya kukodisha magari iliyoko katikati ya mji, nikachukua jipu la Toyota bila shoferi kwa dola 80 kwa siku, kuanzia Ijumaa saa mbili asubuhi hadi Jumapili saa mbili asubuhi. Walidai dhamana ya dola 300, ambayo mjomba aliitoa mfukoni mwake, na tena wakabaki na kadi yangu ya mpigakura wakisema kwamba ndiyo desturi yao. Mkataba ulikuwa wa kurasa mbili za Kifaransa zenye maandishi madogo, nami nilitia sahihi pale waliponionyesha. Gari lilikuwa limetoka kuoshwa muda huo huo. Kijana wa ofisini alilizunguka pamoja nami mara moja, akatia alama chache kwenye mchoro wa gari, akanikabidhi ufunguo. Mkataba nilipewa nakala, lakini mchoro ule sikupewa.

Safari ilikwenda vizuri. Jumapili asubuhi wakwe hawakutuachilia mapema, kwa hiyo nikampigia simu kijana yule kumwambia kwamba tutachelewa, naye akanijibu kwamba hakuna tatizo. Kwa kuwa sikuwa nimelala usiku ule, binamu yangu, ambaye ana leseni, ndiye aliyeendesha kutoka Likasi. Tulifika ofisini saa sita mchana. Meneja alilikagua gari peke yake, kisha akatuletea hesabu: dola 250 za mkwaruzo kwenye mlango wa nyuma wa kulia, dola 120 za tairi lililokatika ubavuni, dola 80 za siku moja ya ziada na dola 40 za mafuta. Wanazuia ile dhamana yote na wanadai dola 190 juu yake, na wamesema kwamba tusipolipa kabla ya mwisho wa mwezi watatupeleka polisi. Mafuta, ni kweli tuliyarudisha yakiwa pungufu. Mkwaruzo ule hakuna aliyeusikia wala kuuona, na njiani hatukupata panchari wala hatukugonga jiwe. Mjomba anataka pesa yake na ananiona kama mimi ndiye niliyeipoteza.

Jambo la pili ni kwamba mwezi ujao tunatakiwa kuvuka mpaka kwenda Kitwe, Zambia, kwenye harusi ya binti wa shangazi yetu. Wazee wanasema nikodi tena, nami naogopa. Nifanye nini?

Kijana wa Katuba

*

Mwanangu,

Asante kwa kueleza yote, pamoja na yale yasiyokupendelea, maana bila hayo jibu langu lisingekusaidia. Nitaanza na kitisho cha polisi, kwa sababu hofu ndiyo inayowafanya watu wengi wa mji wetu walipe madeni wasiyodaiwa.

Gari umelirudisha, nao wamelipokea. Kilichobaki kati yenu ni ubishi wa pesa unaotokana na mkataba, na ubishi wa namna hiyo huamuliwa na jaji, si na ofisa wa polisi. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao nchi yetu ya Kongo ilijiunga nao mwaka 1976, unasema wazi katika kifungu chake cha 11 kwamba mtu hafungwi kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Ingekuwa habari nyingine kama ungelificha gari au kuliuza, kwa kuwa hapo sheria ya jinai ingeingia. Ukiletewa wito, usiukimbie: nenda pamoja na mtu mzima wa familia, beba mkataba, eleza siku na saa uliyolirudisha gari, na usitie sahihi karatasi yoyote inayosema kwamba unakubali deni.

Kadi yako ya mpigakura uidai leo, tena uidai peke yake, bila kuichanganya na hesabu ya pesa. Kadi hiyo ndiyo inayokutambulisha benki, barabarani na kila ofisi unapoingia; haifai kuwa rehani ya bampa wala ya tairi. Kampuni inayotaka kumjua mteja wake hutoa nakala ya kadi na ya leseni, kisha humrudishia mwenyewe kadi yake hapo hapo.

Sasa tuje kwenye hesabu. Madai yale manne hayana uzito sawa, na kosa kubwa ambalo familia inaweza kufanya ni kuyakubali yote au kuyakataa yote.

Mafuta lipeni. Utaratibu wa karibu kila mahali ni kwamba gari hurudishwa na kiasi kile kile cha mafuta lilichotoka nacho, na anayerudisha pungufu hulipa. Mnachoweza kuomba ni kuelezwa ni lita ngapi na kwa bei gani kwa lita, kwa kuwa kampuni nyingi huongeza ada yao juu ya bei ya pampu, na ada hiyo huwa halali tu ikiwa imetajwa katika mkataba.

Siku ya ziada ina mjadala. Katika biashara hii siku haihesabiwi kwa kalenda bali kwa saa 24 kuanzia ufunguo unapokabidhiwa, na mikataba mingi humpa mteja muda mfupi wa kuvumiliwa kabla ya kuhesabiwa siku nzima au saa za ziada. Tafuta kifungu hicho katika nakala yako. Wewe ulichelewa saa nne, lakini uliomba ruhusa na mfanyakazi wao akakubali. Shida ni kwamba simu yako inaonyesha ulipiga saa ngapi na mlizungumza kwa dakika ngapi, lakini haionyeshi mlisema nini. Jambo hili la kuongeza muda kwa mdomo si dogo hata kidogo. Mnamo Desemba 2022 kampuni ya Hertz ya Marekani ilikubali kulipa dola zipatazo milioni 168 ili kumaliza madai 364 ya wateja walioripotiwa polisi kimakosa kuwa wameiba magari waliyoyakodi, na miongoni mwao walikuwamo waliosema kwamba walikuwa wameongeza muda wa kukodi. Ikiwa kampuni kubwa yenye kompyuta kila ofisi inaweza kupotewa na habari ya namna hiyo, ofisi ya watu watatu hapa mjini inaweza kuisahau kabla ya jua kutua. Kwa hiyo mara nyingine, baada ya kupiga simu, andika ujumbe wa WhatsApp wa sentensi moja, ukitaja saa mpya, na usubiri waujibu. Kwa safari hii ningependekeza mjitolee kulipa zile saa nne, si siku nzima.

Mkwaruzo ndio kiini cha ugomvi, na hapo nitakaa kidogo.

Lazima uelewe kampuni inaliangaliaje gari lake. Gari la kukodisha huingiza pesa siku linapokuwa barabarani tu. Siku linapolala garajini kwa ajili ya rangi, linakula bila kuzalisha. Zaidi ya hayo, zipo ofisi ambazo magari yanayoegeshwa mbele yake si mali yao: mtu binafsi amewakabidhi gari lake walitafutie wateja, nao huchukua sehemu yao. Mwenye gari anapokuja na kuona mkwaruzo, ofisi inapaswa kumpata wa kuulipia, na aliye rahisi kupatikana ni mteja wa mwisho ambaye dhamana yake bado iko kwenye droo. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa kwako. Ninasema kwamba mlango ule huenda ulikwaruzwa na mteja aliyekutangulia, tena huenda hata meneja mwenyewe hajui.

Ndiyo maana ule mchoro usiopewa nakala una thamani kuliko mkataba wenyewe. Mchoro huo hueleza hali ya gari linapotoka, na wakati wa kurudi ndio unaolinganishwa na gari lenyewe mbele ya pande zote mbili. Wewe hukupewa nakala, na ukaguzi wa kurudi ulifanywa na meneja akiwa peke yake. Anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha, na sijui meneja yule atathibitishaje kwa jaji kwamba mkwaruzo ulitokea kati ya Ijumaa na Jumapili ikiwa hana karatasi yenye sahihi yako inayoonyesha mlango ule ukiwa mzima. Omba kwa maandishi uonyeshwe mchoro wa asili. Usiwaruhusu wakuletee nakala iliyoandikwa upya.

Nenda pia ukauangalie mkwaruzo wenyewe mchana, ukiwa na mtu anayejua kazi ya rangi. Mkwaruzo mpya una ukingo mkali na chuma chake kinang'aa. Mkwaruzo wa siku nyingi una vumbi letu jekundu lililogandamana ndani ya mstari, pengine na mabaki ya nta ya kung'arishia, na pale ulipofika kwenye chuma huwa umeanza kutu. Gari lako lilikabidhiwa likiwa bado na maji, na mwili wa gari uliolowa huficha mikwaruzo midogo karibu yote. Vumbi la kiangazi huficha vilevile. Gari likaushwe kwanza kwa kitambaa, ndipo uzunguke, uiname, utazame milango kwa ubavu na si kwa kusimama mbele yake.

Kuna ushahidi mwingine ambao naamini mnao bila kujua. Hakuna familia ya Lubumbashi inayopeleka mali bila kupiga picha. Tafuteni katika simu za mashangazi zote picha za Ijumaa asubuhi, wazee walipokuwa wakipanda gari, na zile za kushuka Likasi. Mlango wa nyuma wa kulia lazima umeonekana mahali fulani, na kama mkwaruzo ulikuwapo tayari asubuhi ile, mambo yamekwisha. Chukueni picha ya asili kutoka simu iliyoipiga, kwa sababu ile iliyotumwa kwa WhatsApp hupunguzwa ubora na kupoteza habari za saa na tarehe zilizofichwa ndani yake. Risiti za peaji, yaani ushuru wa barabara, nazo msizitupe, kwa kuwa zinaonyesha mlipita saa ngapi.

Tairi linafuata njia hiyo hiyo, na nyongeza moja. Matairi, vioo na sehemu ya chini ya gari huwa nje ya ulinzi, yaani makubaliano yanayopunguza kiasi anachodaiwa mteja gari likiharibika, katika mikataba mingi, kwa hiyo tairi likikatwa mikononi mwako ungelilipia hata kama ungekuwa umenunua ulinzi wa ziada. Lakini unalipia tairi lile lililokuwapo, si tairi jipya. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, ili 2318 iwe wiki ya 23 ya mwaka 2018. Omba uonyeshwe tairi lenyewe. Kama lina umri wa miaka sita na meno yake yamekwisha, dola 120 ni bei ya kumnunulia mwenye gari kitu ambacho hakuwa nacho.

Binamu yako sasa. Hapa kampuni ina hoja, nami siwezi kukuficha. Ikiwa mkataba unamtaja dereva mmoja, kumpa mwingine usukani ni kuuvunja mkataba, na sheria yetu ya mikataba, ambayo msingi wake ni dekreti ya 30 Julai 1888, inasema katika kifungu cha 33 kwamba makubaliano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliokubaliana. Kutosoma maandishi madogo hakumwokoi aliyetia sahihi. Matokeo yake ya kawaida ni kwamba mteja hupoteza ule ulinzi uliokuwa ukipunguza anachodaiwa, na hubeba hasara yote badala ya sehemu yake. Hata hivyo hasara yenyewe bado ni lazima ithibitishwe. Kuendesha kwa binamu hakugeuzi mkwaruzo wa zamani kuwa mpya.

Watu wengi hudhani kwamba bima ya gari inamaliza mambo haya, kwa hiyo nieleze kidogo. Bima ambayo kila gari katika nchi yetu inalazimika kuwa nayo tangu sheria ya 5 Januari 1973 ni ile inayomlinda mtu wa tatu: yule uliyemgonga, nyumba yake, pikipiki yake. Hailipi hata senti moja kwa ajili ya gari ulilolikodi. Tangu sheria ya bima ya mwaka 2015 ifungue soko, kampuni binafsi za bima zimeingia, na mwenye gari anaweza kununua bima pana zaidi inayofunika gari lenyewe, lakini si kila mmoja hufanya hivyo kwa sababu ni ghali. Hata ikiwapo, hubaki sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mteja hulipa mwenyewe, ile inayoitwa franshizi, na mara nyingi kiasi cha dhamana huwekwa kulingana nayo. Swali la kuuliza mezani, kabla ya kutoa pesa, ni hili: gari likigongwa wakati ninaliendesha mimi, kiwango cha juu kabisa nitakacholipa ni dola ngapi, na kimeandikwa wapi? Ofisi isiyoweza kukuonyesha mstari huo kwa kidole haina bima hiyo.

Andikeni barua wiki hii, fupi na ya heshima. Mkubali mafuta, mjitolee kulipa zile saa nne, muombe mchoro wa asili, picha zao kama wanazo, tairi lenyewe na devi, yaani makadirio ya gharama za matengenezo, kutoka garaji iliyo wazi, yenye jina na anwani, inayotenganisha rangi na kazi ya fundi. Kisha muombe salio la dhamana na kadi ndani ya siku nane. Pelekeni nakala mbili, moja itiwe sahihi na mhuri wa mapokezi nayo ibaki kwenu. Wakikataa kuipokea, yule aliyeipeleka arudi na shahidi, au barua itumwe na wakili. Baada ya hapo mlango wa Mahakama ya Amani upo, ingawa kwa kiasi cha namna hii ningetangulia kumtafuta mtu anayemfahamu mwenye kampuni na kuketi naye, kwa kuwa gharama za kesi zinaweza kuishinda ile dhamana. Mkipatana, maandishi ya mapatano yaseme kwamba hakuna upande unaodai tena chochote, na ndipo pesa ihesabiwe.

Mjomba wako mwonyeshe barua hiyo kabla haijaondoka. Alitoa pesa yake kwa ajili ya heshima ya familia, na ana haki ya kuona inavyotetewa.

Kuhusu Kitwe, msikodi gari bila shoferi. Kwanza, Zambia wanaendesha upande wa kushoto na sisi upande wa kulia, na dereva asiyezoea hukosea hasa kwenye mizunguko na anapotoka kwenye pampu asubuhi, barabara ikiwa tupu. Pili, gari la kukodi halivuki Kasumbalesa kwa nia njema tu: mnahitaji idhini ya maandishi ya mwenye gari inayotaja nchi mnayokwenda na jina la dereva, karatasi za gari za asili, kibali cha muda cha forodha ya Zambia, na bima inayokubalika ng'ambo, ambayo kwa nchi zetu hizi mbili hupatikana kwa Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Kampuni nyingi hukataza kabisa gari kuvuka mpaka, na anayevuka bila idhini hupoteza ulinzi wote tangu kwenye kizuizi cha mpaka.

Chukueni gari lenye shoferi wa kampuni, aliyezoea njia hiyo. Akikwaruza, amekwaruza gari la bosi wake, mradi mkataba usiseme vinginevyo, na mstari huo mwusome pamoja na mtu anayejua Kifaransa vizuri. Bei itakuwa juu, na mtaulizwa nani analipa mafuta, peaji, chakula cha shoferi na mahali pake pa kulala. Yote hayo yaandikwe kabla ya kuondoka, maana shoferi aliyelala ndani ya gari kwa sababu hakuna aliyemtengea kitanda ndiye atakayewarudisha wazee wenu. Kama bei itawashinda, kuna njia nyingine ambayo familia nyingi huitumia: mchukue gari la kawaida hadi Kasumbalesa, mvuke kwa miguu na hati zenu, kisha shangazi awatumie upande wa pili gari la Zambia lenye dereva wa Zambia. Mwambieni mapema, ili apatane bei akiwa huko huko na atume namba ya gari na jina la dereva siku moja kabla.

Mama Mshauri